Mke wa Askari Asizungushwe

Walipouawa askari wetu wa kulinda amani huko Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba, 2017, taifa zima liliomboleza. Lakini mke wa askari hangoji msiba ndipo abebe mzigo. Mumewe awapo ng'ambo, yeye ndiye mama na ndiye baba: hulima, huuguza watoto, hulipa madeni, na redio itajapo mapigano moyo humdunda. Mama huyo ndiye afikaye ofisini au shuleni akaambiwa, "Mlete mumeo atie sahihi." Amlete kutoka wapi? Watumishi wa umma na walimu hawana budi kumsikiliza na kumaliza shida yake siku ile ile. Kumsifu askari huku tukimzungusha mkewe ni unafiki.