Adui Aliyevaa Sura ya Binadamu

Imekuwa ada siku hizi, kila inapofufuliwa hekaya ya kale ya safari za anga, wafufuaji kutangaza kwa fahari kwamba toleo lao litakuwa la giza na la siasa, kana kwamba giza ni fadhila inayojitosheleza, na kwamba kufifiza taa na kuwanyima wachezaji tabasamu ni sawa na kufikiri. Sina ugomvi na giza. Ugomvi wangu ni na uvivu, na shahidi wangu ni tamthilia ya Kimarekani, Battlestar Galactica, iliyofufuliwa mwaka 2003 kwa namna ambayo wengi wanaoiiga hawajaielewa hata leo.

Tamthilia ya asili, iliyobuniwa na Glen A. Larson na kuonyeshwa mwaka 1978, ilihadithia manowari moja ya angani ikisindikiza msafara wa merikebu chakavu zilizopakia masalia ya watu waliookoka maangamizi ya sayari zao, huku ikifukuzwa na mashine za vita zinazoitwa Cylon. Ilikuwa nyepesi, lakini asidhani mtu kwamba haikuwa na siasa. Maangamizi yale yalitukia kwa kuwa viongozi wa raia walighilibiwa kwa mapatano ya amani ya uongo, na hata baada ya msiba wakatokea miongoni mwao wa kushauri silaha zitupwe, ilhali kamanda Adama, kwa kuwa ni mwanajeshi, alikuwa ameona mbali tangu mwanzo. Hiyo ndiyo siasa ya zama za uhasama baina ya Marekani na Urusi, na hukumu yake ilikwisha kukatwa kabla shauri halijasikizwa.

Ronald D. Moore, aliyepata kuwa mwandishi wa Star Trek, alipoishika kazi hii pamoja na David Eick, alibadili jambo moja ambalo mengine yote yalizaliwa nalo. Cylon wa kale walitengenezwa na viumbe wageni. Cylon wake walitengenezwa na binadamu wenyewe ili wawatumikie, wakaasi, wakatoweka kwa miaka 40, kisha wakarejea, baadhi yao wakiwa na nyama na damu wasiweze kutambulikana na watu. Mashabiki wa zamani walikasirishwa zaidi na kugeuzwa kwa rubani Starbuck kuwa mwanamke, hata Dirk Benedict, aliyeicheza nafasi hiyo mwaka 1978, akaandika hadharani kulalamika. Hasira kubwa kwa jambo dogo, nionavyo mimi. Kubwa lilikuwa kwamba adui sasa ana nasaba kwetu.

Katika dola hiyo iliyobaki na watu wasiofika 50,000, urais unamwangukia Laura Roslin, waziri wa elimu, wa 43 katika safu ya urithi wa madaraka, kwa kuwa wote waliomtangulia wamekufa. Na anapokula kiapo ndani ya chombo cha safari, mwenye kuikumbuka picha ya Rais Johnson wa Marekani akiapishwa ndani ya ndege mwaka 1963 hawezi kukosa kuona mfanano. Nyuma yake, ubaoni, imeandikwa kwa mkono idadi ya walio hai. Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, ambapo adui anawafikia kila baada ya dakika 33 na watu hawajalala kwa zaidi ya siku tano, merikebu moja ya abiria inashukiwa kwamba ndiyo inayomwonyesha adui njia, na rais na kamanda wanaamuru itunguliwe, pasipo yeyote kuwa na yakini kama waliomo bado wako hai. Idadi inafutwa na kupunguzwa. Mwishoni inaongezwa mmoja, mtoto wa kiume aliyezaliwa. Na hesabu hiyo ya ubaoni inasema juu ya dhima ya mtawala mengi kuliko hotuba zote za msimu ule.

Lakini ujasiri wenyewe ulidhihiri mwaka 2006. Watu wametua kwenye sayari baridi, wanaishi mahemani, Cylon wamewafikia na kuwatawala, nao wameunda kikosi cha polisi wa kibinadamu. Saul Tigh, msaidizi wa Adama, ameng'olewa jicho akiwa mahabusi, naye anapotoka anaongoza mapambano ya siri na kumtuma kijana akajilipue katika hafla ya kuhitimu kwa askari hao. Kumbukeni kwamba jeshi la Marekani lilikuwa Iraki wakati huo, likifunza polisi wa Kiiraki ambao walipuaji wa kujitoa mhanga waliwalenga kila uchao. Na mtazamaji wa Kimarekani, aliyezoea kujiona upande wa walinzi, akajikuta amewapenda kwa miaka miwili hao hao wanaotega mabomu. Hakuambiwa kwamba wametenda haki. Roslin mwenyewe, aliyeathirika kwa dhuluma ile, alitahayari mbele ya swali la Gaius Baltar, rais kibaraka wa Cylon, aliyemtaka akiri kwamba anaafiki mbinu hiyo, na tamthilia ikaliacha swali bila jibu.

Siasa hiyo haikudumu. Mnamo tarehe 17 Machi 2009 watengenezaji na wachezaji wakuu walialikwa Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia haki za binadamu na ugaidi, heshima ambayo hekaya ya manowari ya angani haikuitarajia. Siku tatu baadaye ikaonyeshwa tamati, na ndani yake mambo makubwa yakakatwa kwa mkono wa mbinguni, malaika wakatokea na kutoweka, na wale walioshindana misimu minne juu ya nani atawale na kwa sharia gani wakakubali, karibu bila mabishano, kuzitupa merikebu zao kwenye jua na kutawanyika maporini. Kwa watu waliopigania hata kura moja moja, wepesi ule sikuusadiki.