Meno bandia yakizidi kimo

Si ajabu kupata seti ya meno bandia iliyofungwa kwenye leso na kutiwa kabatini. Mwenyewe, aghalabu nyanya au babu, huyavaa siku ya harusi tu, na akirudi nyumbani huyavua upesi. Jamaa humwambia avumilie, atayazoea. Huenda asiyazoee kamwe, kwa kuwa kimo chake si sawa.

Mtu aliyeng'olewa meno yote hana tena kitu cha kuyazuia mataya yasikaribiane kupita kiasi. Ni daktari wa meno anayeamua yatakutania wapi. Kimo kikizidi, meno hugongana hata mtu anapozungumza, fizi huuma, misuli ya mashavu huchoka na kumeza huwa kazi. Kikipungua, kidevu hukaribia pua, mashavu hubonyea, na mate yanayokusanyika pembeni mwa midomo yaweza kuleta vidonda.

Kimo chenyewe hutafutwaje? Daktari hutia alama mbili, moja puani na nyingine kidevuni. Humketisha mgonjwa wima, akamwambia ameze mate ama atamke "mmm", kisha alegee. Hapo hupima. Meno yakifungwa, kipimo hicho kinapaswa kupungua kwa milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ndogo ndiyo mapumziko ya misuli.

Hata hivyo rula haitoshi, maana mwenye wasiwasi halegei kabisa. Hapa Kiswahili chafaa sana: mgonjwa na ahesabu sitini, sitini na moja, hadi sitini na sita. Sauti ya "s" huyaleta meno karibu mno bila kugusana. Yakigongana, kimo kimezidi. Picha ya zamani, ya kabla meno hayajang'oka, pia husaidia, ipelekeni.

Haya yote hufanywa meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta, ambayo huyeyushwa na kupangwa upya. Yakishatiwa kwenye plastiki ngumu, marekebisho ni taabu na gharama. Kwa hivyo siku ya kujaribu nta, usimwache mzee aende peke yake. Fuatana naye, mpige gumzo kama mfanyavyo nyumbani, umtazame usoni na kusikiliza meno, kabla hajasema "sawa tu, daktari". Wazee wetu ni wapole mno wakiwa kwenye kiti kile.