Kijana wa Mwavulini Naye ni Mfanyakazi



Siku hizi hakuna semina juu ya vijana isiyotaja teknolojia ya dijitali. Tunaambiwa kuwa simu na kompyuta ndizo zitakazomtoa kijana maskini pembeni alikosukumwa na kumrudisha katika jamii. Sisi hatuipingi teknolojia, kwani mfanyakazi hajapata faida kwa kugombana na mashine. Lakini twauliza: kijana huyo anaingizwa wapi, na akishaingia anapewa nafasi gani?

Jibu halihitaji safari ndefu. Hapa Musaga, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 7 ipandayo kuelekea Matana, vijana hukaa chini ya miavuli tangu asubuhi hadi usiku. Wengi ni watoto wa vibarua na wauza mboga. Baadhi waliacha shule kwa umaskini, wengine wana diploma zilizofungiwa sandukuni. Wanauza vocha, wanapokea na kutoa fedha za Lumicash na huduma nyingine za namna hiyo. Wenzao wametandaza meza za kutengeneza simu, ufundi waliojifunza kwa kumtazama fundi mkubwa. Mtu asiseme kwamba vijana hawa wako nje ya dunia ya dijitali. Wamo ndani, tena wao ndio mlango wake: mama asiye na akaunti benki hazipati fedha za mwanawe aliye mbali ila kwa mkono wa kijana huyu.

Sasa tutazame anaingia kwa masharti gani. Wakala wa fedha za simu hulipwa kamisheni kwa kila muamala. Mtandao ukikatika, hana chake. Mvua ikinyesha kutwa, hana chake. Akipokea noti ya bandia, akikosea namba moja, au akiporwa jioni akirudi nyumbani, hasara mara nyingi ni yake, au inamwangukia tajiri aliyempa mtaji, naye tajiri humkata yeye. Hana likizo, na akiugua hakuna mchango wa INSS uliowekwa kwa ajili yake. Mpango huu haukubuniwa Musaga. Umeenea Afrika Mashariki yote tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na wananchi wamepata nafuu kubwa kwa huduma yenyewe. Lakini nafuu ya wengi isijengwe juu ya jasho lisilo na hesabu.

Wapo wanaosema: heri hicho kidogo kuliko kukaa bure. Maneno hayo tunayajua. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku kwa mjini Bujumbura, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakikuguswa, bei zikipanda kila mwaka. Kidogo kikiachwa bila msemaji hubaki kidogo hadi kigeuke kuwa si kitu.

Ndiyo maana neno letu leo tunalielekeza kwetu wenyewe kabla ya kulielekeza kwa kampuni au serikali. Vyama vyetu vilijengwa kwa ajili ya mwenye mkataba na mshahara wa mwezi: mwalimu, muuguzi, karani, mtu wa kiwandani. Kijana wa mwavulini akija mlangoni, tunamwuliza mwajiri wake ni nani, naye hana jina la kutaja. Basi tunamrudisha. Halafu twashangaa kwamba vijana hawaji mikutanoni!

Wenzetu wamekwisha kuonyesha njia. Nchini Uganda, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi ATGWU kilikuwa kimepungukiwa sana na wanachama. Katika miaka ya 2010 kilivipokea vyama vya waendesha boda boda na vya madereva wa taksi, watu wasio na mwajiri wa kawaida, na wanachama wake wakaongezeka mara nyingi. Mjini Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, vijana zaidi ya 150 waliofanya kazi ya kuchuja picha na maneno mabaya kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT, wakiwa chini ya makampuni ya kati, walipiga kura kuunda chama chao. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Pendekezo namba 204 la mwaka 2015, lilikwisha kusema kuwa wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi wana haki ya kujiunga na vyama. Kwa hiyo hatuombi jambo geni.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katiba za vyama zirekebishwe ili mawakala, wauza vocha na mafundi simu wapokewe kwa kikundi au mmoja mmoja, na ada yao iwe ndogo, ya kila wiki, ilipwe kwa simu hiyohiyo wanayofanyia kazi. Pili, chama kikae na makampuni ya simu wapatane kwa maandishi juu ya kamisheni, na juu ya nani abebe hasara ya wizi na ya makosa ya mtandao. Tatu, ofisi zetu zenye umeme na kompyuta zifunguliwe jioni kwa mafunzo, nayo yatolewe kwa Kirundi na Kiswahili, kwani aliyeacha shule mapema hawezi kufundishwa kwa Kifaransa asichokielewa.

Watu watasema ada ya vijana hawa haitajaza mfuko wa chama. Ni kweli. Lakini kazi za mkataba hazitoshi, na watoto wetu wengi kesho watakaa chini ya mwavuli huo. Tukiwafungia mlango leo, kesho tutakuwa chama cha wastaafu.

Kijana wa Musaga simu anayo tayari. Bado anahitaji chama. Umoja ni nguvu, na umoja unaowaacha watoto wake barabarani haujakamilika.