Kiasi ziwani Mweru
Mwanafalsafa Aristotle alisema tabia njema hujengwa kwa mazoea, nami nayaona hayo Mununga, kando ya ziwa Mweru. Kila mwaka upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, samaki wazaliane. Usiku mlinzi hayupo. Anayeuacha wavu umetundikwa ukutani huku watoto wanadai kitoweo, huyo ana kiasi, na amekipata msimu baada ya msimu. Samaki waitwao mpumbu tuliwamaliza kwa kukosa kiasi hicho: walipopanda mto Luapula kutaga, majike yalivuliwa na mayai yao tumboni, mpaka wakaadimika. Ila kabla ya kumlaumu mama anayevua kwa chandarua, tuulizane kwanza nani amempelekea unga miezi hiyo mitatu.