Kisa Kisomwe kwa Viti Vyote

Katika semina nyingi juu ya bajeti na madeni ya taifa twaona jambo moja likijirudia. Msemaji husimama, huandika ubaoni maana ya nakisi, maana ya riba, maana ya mfumuko wa bei, washiriki hunakili, kisha wote huenda kula. Ukiwauliza jioni wao wangefanya nini kama wangekuwa serikalini, hazina ikiwa tupu na bei ya unga imepanda, hunyamaza. Hawanyamazi kwa sababu ya ujinga. Hunyamaza kwa kuwa hakuna aliyepata kuwaomba waamue lolote.

Wapo wanafunzi wanaofundishwa kwa njia iliyo kinyume kabisa cha hiyo, nao, kwa bahati mbaya, ni wale ambao tayari wako karibu na madaraka. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1908, hufundisha kwa visa. Njia hiyo iliazimwa kwa wanasheria wa chuo hichohicho, ambao tangu siku za Christopher Langdell, mwaka 1870, walijifunza sheria kwa kuchambua hukumu zilizokwisha kutolewa mahakamani. Mwaka 1919 Wallace Donham, naye mwanasheria, alishika uongozi wa Shule ya Biashara, akahimiza visa viandikwe kwa wingi. Leo mwanafunzi wa huko husoma visa kama 500 katika miaka miwili. Afrika Mashariki pia inaifahamu njia hii: shule ya biashara ya Strathmore, Nairobi, iliyoanza mwaka 2005, huifuata.

Kisa ni kurasa chache zenye habari za kweli: kampuni fulani, au hata nchi nzima, pamoja na hesabu zake, mabishano ya wakubwa wake na tarehe ambayo uamuzi hauna budi kutolewa. Hapo masimulizi hukatika. Mwanafunzi huyasoma usiku, na asubuhi mwalimu hatoi hotuba, bali humnyoshea mmoja kidole na kumwuliza: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Akijibu, wenzake humpinga, naye hulazimika kujitetea kwa hesabu zilezile walizo nazo wote. Ndivyo wanavyofundishwa uchumi, fedha na hata historia ya siasa. Aliyekariri maana ya riba huisahau baada ya mtihani. Aliyewahi kubanwa achague kati ya kupandisha riba na kuiacha sarafu ianguke, huku wenzake arobaini wakimzomea, hatasahau kwamba kila chaguo lina mtu wa kulilipia.

Twaisifu njia hii, na twaitaka. Lakini yatupasa kuuliza: mwanafunzi huyo huketishwa katika kiti cha nani?

Kisa cha kwanza kilichoandikwa Harvard, mwaka 1921, kilihusu kampuni ya viatu ambayo wafanyakazi wake walikuwa wakiacha kazi kabla ya saa ya kufunga. Mwanafunzi aliombwa afikiri kama meneja. Ni swali halali kwa meneja. Ila katika kiwanda hichohicho palikuwa na swali jingine, la yule anayenawa mikono mapema, naye hakupewa kiti. Waswahili husema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Na visa vingi vya biashara vimeandikwa na watu waliokitazama kitanda wakiwa mlangoni, baada ya kuzungumza na mwenye nyumba. Hatari yake si ya kuwaziwa tu. Kabla ya kampuni ya Enron kuanguka, Desemba 1999 ikiwa bado ya neema na Desemba 2001 ikiwa ya kufilisika, visa vilivyoisifu vilikuwa vikisomwa katika shule hiyohiyo alikohitimu mkuu wake, Jeffrey Skilling, mwaka 1979. Wanafunzi walibishana kwa ufasaha juu ya hesabu ambazo hazikuwa za kweli.

Hata hivyo ubaya huo haumo katika njia yenyewe. Mwalimu mmoja wa Harvard, David Moss, aliichukua akaitumia kufundisha historia ya demokrasia ya Marekani, na mwaka 2017 akachapisha kitabu chenye visa 19, kuanzia mabishano ya katiba ya mwaka 1787, kupitia harakati za Martin Luther King za kuwapatia watu weusi haki ya kupiga kura. Tangu mwaka 2015 mpango wake umepeleka visa hivyo kwa walimu wa shule za sekondari. Kijana wa sekondari anayeombwa aamue pamoja na King, Machi 1965, kama waandamanaji waliokwisha kupigwa juu ya daraja la Selma wavuke tena au warudi nyuma, hujifunza kwamba historia haikuwa imeandikwa kabla ya kutokea.

Nasi hatuna haja ya kuagiza visa kutoka ng'ambo. Tuchukue Mradi wa Karanga wa Tanganyika. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika kwa matrekta. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya uchunguzi ikifanywa kutoka angani, ukarudi na pendekezo la zaidi ya ekari milioni tatu na gharama ya pauni kama milioni 25. Hapa tukikate kisa: wewe ni waziri mjini London, watu wako wanapata mafuta kwa mgawo. Utatia sahihi?

Kisha kifunguliwe tena mwaka 1949. Huko Kongwa mibuyu imevunja mashine, mvua haikuja kama ilivyoandikwa, udongo wa mfinyanzi umekauka ukawa kama saruji. Sehemu kubwa ya fedha ya miaka sita imekwisha. Je, uache au uongeze? Hapa methali yetu ya kuyavulia maji nguo humdanganya mwenye fedha, kwa maana pauni iliyokwisha kuzama hairudi kwa kufuatwa na nyingine, na hilo ni somo la fedha ambalo semina ya ubaoni haijui kulifundisha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi. Hasara ilifika kama pauni milioni 36.

Darasa la biashara lingeishia hapo. Sisi twasema viti vibadilishwe. Mmoja awe mzee wa Kigogo, ambaye ukoo wake ulijua miaka ya ukame kwa majina, na ambaye hakuwemo katika ndege ile. Mwingine awe kibarua wa kung'oa visiki katika mwaka 1947, wakati mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam ulipoenea bara kwa njia ya reli. Aseme anadai nini, na ajibiwe na aliyeketi katika kiti cha meneja. Mwingine awe mlipa kodi wa Uingereza. Waambiwe watetee, si wahurumie.

Watakaotuambia kwamba wananchi hawana elimu ya kutosha kwa kazi hii hawajahudhuria baraza la kugawa urithi. Ugumu uko kwingine: kisa chahitaji mtu wa kukiandika kwa uaminifu, hesabu zikiwa kamili, bila kuficha zile zinazompinga yeye mwenyewe. Wenzetu walimu wa historia na wahasibu wastaafu, kazi hiyo twawaomba ninyi. Anzeni na karanga. Nachingwea ilijengewa reli kutoka Mtwara, nayo ikafungwa mwaka 1962. Lakini bandari ya kina kirefu iliyochimbwa Mtwara kwa ajili ya karanga hizo ingali inapokea meli. Kundi lenu liamue: iandikwe upande wa faida au wa hasara, na katika daftari la nani?