Kabla ya kutuma picha

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliwaua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi yetu, hasa Beni, Katwa na Butembo. Uvumi ulikimbia kuupita ugonjwa. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa kwetu, wengi waliamini kwamba Ebola ni hila ya wanasiasa, na WhatsApp ikalieneza neno hilo. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu ndipo walipita nyumbani mwa watu wakiandika maswali yao, hata yale ya hasira, ili yapate kujibiwa.

Sisi tumelisahau somo hilo. Simu zetu zimejaa picha za mama aliyekimbia vita akipokea sabuni (yeye ameinamisha uso, sisi twatabasamu), wala hakuna amjibuye anayeuliza unga utagawiwa wapi. Twapendekeza kila kikundi cha Caritas parokiani kimteue kijana wa kujibu maswali, baada ya kulithibitisha jibu kwa paroko. Na mahali walalapo wakimbizi pasitajwe kamwe, kwa maana wanaowawinda nao wana simu.