KARATASI KWANZA, SAFARI BAADAYE



Vijana wetu wa Maseno, Luanda na Yala hupanda gari kwenda Busia, wakavuka mpaka kutafuta riziki Jinja na Kampala. Si jambo jipya. Baba zetu walikwenda huko kwa gari la moshi. Wengine walijenga bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, wengine walikata miwa Kakira, na watu wa reli walikaa katika nyumba za Nsambya. Hatumzuii mtu kwenda. Twasema neno moja tu: asiende kwa ahadi ya mdomo, aende na karatasi.

Sababu tunayo. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanya kazi wa Kenya, na wengi walikuwa watu wa pande hizi za Nyanza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa. Mapatano ya serikali tatu juu ya mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi mwaka 1984, miaka saba baadaye. Siku za shida kama hizo mwenye cheti husikizwa. Asiye nacho huulizwa yeye ni nani. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jumuiya ilifufuliwa, na tangu Julai 2010 mapatano ya soko la pamoja yampa mwananchi wa Kenya haki ya kufanya kazi Uganda. Lakini haki haitembei yenyewe mpaka ofisini. Basi fanyeni hivi:

1. Pata barua ya kazi kabla ya kuvuka. Iwe na sahihi ya tajiri, na iseme kazi gani, saa ngapi, likizo, notisi, na mshahara kwa fedha ya nchi gani. Shilingi ya Uganda si shilingi ya Kenya. Usifurahie sifuri nyingi kabla ya kupiga hesabu.

2. Pita mlango wa serikali, Busia au Malaba, usipite njia za panya. Kitambulisho cha Kenya chatosha kuvuka, lakini hakitoshi kufanya kazi. Mkataba ukizidi siku 90, kibali cha kazi kiombwe katika siku 15 za kazi tangu kuandikiana. Kenya na Uganda zimeondoleana ada ya kibali hicho. Mtu akikudai pesa nyingi, mwambie akupe risiti ya serikali.

3. Uliza habari ya NSSF ya Uganda siku ya kwanza. Katika kila shilingi 100 za mshahara wewe hukatwa 5, na tajiri huongeza 10 zake. Chukua namba yako, tena hakikisha mara kwa mara kwamba fedha zinafika. Kukatwa si kuwekewa.

4. Toa nakala za karatasi zote na uziache nyumbani kwa mke, mume au mzazi. Ukiumia kazini, wao ndio watakaoulizwa.

5. Ingia chama cha wafanya kazi cha huko mapema. Mgeni asiye na chama hukubali mshahara mdogo, na mwenyeji hufukuzwa ili yeye apate nafasi. Hapo chuki huanza, na chuki hiyo ndugu zetu waliionja mwaka 1970.

Wako wasemao, "Nikidai barua, tajiri atamwita mwingine." Huenda ikawa hivyo. Lakini tajiri anayeogopa kuandika jina lako leo, mwisho wa mwezi atasema hakujui. Afadhali kujua ungali Maseno kuliko kujua uko Kampala bila nauli.

Babu zetu walivikwa kipande shingoni, nacho kilikuwa karatasi ya kumlinda tajiri asitorokwe. Walikichukia, na walikuwa na haki. Karatasi tunazosema leo ni za namna nyingine: zina ahadi ya tajiri kwako. Zidaini, zisomeni, zitunzeni. Asiyejua kusoma vizuri alete barua yake kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi. Hakuna aibu katika kuuliza.

Umoja ni nguvu.

Mhariri